Samaki wa Babu Walipoanza Kufika Wazima

Kama umefungua hapa kwa sababu kuna mtu nyumbani kwenu ameanza kucheka peke yake, kaa chini usome, ila usikae sana. Mimi nilicheka peke yangu msimu mzima wa mvua na watu wakacheka pamoja nami. Ndiyo hasara ya kuwa mchekeshaji wa nyumba: hata ukishika moto, watu wanasubiri uwaambie sehemu ya kuchekea.

Naitwa Gwamaka. Nasoma sekondari, na nilitakiwa niwe kidato cha nne sasa ila nipo cha tatu kwa mara ya pili, sababu utaiona mbele. Kwetu ni Bujonde, Kyela, kwenye mpunga na kakao, mahali ambapo mvua ikichelewa watu wananung'unika na ikija watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Mambo ya kidaktari usiyatafute kwangu. Mimi nitakwambia tu jinsi kitu chenyewe kinavyoingia ndani ya mtu, maana hakibishi hodi.

Kipaji changu ni kuigiza sauti. Mwalimu wa hesabu namweza, mchungaji namweza mpaka pale anapopandisha miwani, na yule mama anayepita akiuza usipa, dagaa wa ziwa letu, namweza kiasi kwamba siku moja nilitoka kichochoroni nikiita bei, na majirani wakaja na mabakuli. Lakini heshima yangu kubwa ilikuwa kutangaza mpira. Nilishika gunzi la mahindi kama kipaza sauti nikatangaza kila kitu, hata Mama akimkimbiza kuku. "Anakwenda Mama, anamzunguka beki, kuku anapiga chenga, lo, Mama amebaki na manyoya." Watu wanakaa chini kwa kucheka.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu nyumba yetu. Kwa desturi yetu, mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Siku hizi wengi wamelegeza, wanakaa na wakwe zao wanatazama tamthilia. Kwetu bado. Nyumba ya Babu, yaani mzaa baba, iko ng'ambo ya migomba, na Mama ameishi upande huu tangu aolewe bila kumtazama usoni. Akimsikia anakohoa njiani, anaingia kwenye migomba, anampa mgongo mpaka apite. Wala si ugomvi. Mama ndiye anayempikia Babu kila siku, na Babu ndiye aliyempa shamba zuri kuliko yote. Wanaheshimiana kwa vikohozi.

Baba yuko Chunya machimboni, anakuja akipata nafasi. Kwa hiyo kati ya Mama na Babu kulikuwa na mimi. Chakula nilipeleka mimi na maneno nilibeba mimi. Na maneno ya Babu sikuyabeba makavu. Nilikuwa nateremsha kidevu, nakohoa kikohozi chake kile cha kuanza chini kama mtumbwi unaoburutwa kwenye mchanga, halafu ndiyo nasema: "Mwambie mama yako chumvi imekuwa mchoyo leo." Mama alikuwa anafuta machozi kwa kitenge. Mshahara wangu ulikuwa mkia wa samaki. Kila siku ya mbasa, yule samaki wa ziwani kwetu, mkia uliishia njiani, kwenye migomba. Babu alijua, akajifanya mzee asiyeona vizuri.

Ilianza na usingizi, kama vile mtu amekopa shuka lako harudishi. Mvua za kwanza zilikuwa zinanyesha na kakao imeanikwa na kuanuliwa, imeanikwa na kuanuliwa, ua mzima unanuka ule uchachu wake. Mimi nalala macho wazi, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Shuleni nikawa nasoma ubaoni, herufi naziona zote, lakini zinafika nusu njia zinageuka. Ambokile, rafiki yangu tunayekaa dawati moja, akaamua kwamba nina mchumba. Nikamwacha aamini hivyo, ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Halafu vitu vikaanza kuwa na maana. Sijui nikuelezeje. Kanga ya jirani imeanikwa kichwa chini, nikajua imegeuzwa kwa ajili yangu. Mtu wa redio akasita kidogo kabla ya kusoma habari, nikajua ameniona. Jumamosi moja tulikwenda Matema na Ambokile kutembea ufukweni. Kule katikati ya ziwa kukapanda moshi mweusi, mrefu, ukajikunja, ukawa unakuja. Ambokile akasema ni wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi, si unawajua. Nilikuwa nawajua tangu mtoto, nimewahi hata kuwala. Lakini siku hiyo nilisimama nikautazama ule moshi, kwa sababu ulikuwa unaandika kitu, na kilichoandikwa kilikuwa kinanihusu. Ambokile alinivuta mkono. Nikamfanyia sauti ya mchungaji akihubiri mwisho wa dunia. Akacheka, tukaondoka.

Nikaacha kula vya sufuriani. Nilikuwa na hakika kuna kitu kimetiwa humo. Nani, sikujua bado. Nikawa nakula ndizi tu, mbivu, nazimenya mwenyewe, naangalia ganda kama lina tundu la sindano. Na hapa ndipo Kyela ilipomponza mtu wake. Mahali pengine mtoto akishinda na ndizi wiki baada ya wiki, wangemuuliza. Kwetu, mtoto anayekula ndizi ni mtoto tu. Suruali ikaanza kuning'inia, Mama akaipunguza kiunoni, akasema narefuka.

Kuoga nako nikaacha. Mama alifoka, nikasema nahifadhi maji kwa ajili ya vizazi vijavyo. Akanirushia kandambili. Tukacheka wote.

Mtangazaji alikuja asubuhi moja nikiwa nataka kunywa chai. Sikuwa na gunzi mkononi na mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Sauti ikasema nyuma ya sikio langu, taratibu, kama ya mpira kabla timu hazijaingia: "Gwamaka anachukua kikombe. Anakichungulia. Anakirudisha." Niligeuka. Hakukuwa na mtu. "Anageuka," ikasema. "Hakuna mtu."

Utanisamehe, lakini mwanzoni nilimwonea wivu. Alikuwa anatangaza vizuri kuliko mimi.

Akawa haondoki. Nikivua viatu, anatangaza. Nikienda chooni, anatangaza, na kule hakuwa na adabu hata kidogo. Baadaye akaanza kutangaza na ya wengine: "Mama yake anamtazama. Anajua. Wanasubiri ale." Nilipomweleza Ambokile, nilimweleza ukweli mtupu, kwamba kuna mtu anatangaza maisha yangu kichwani na simjui. Ambokile alicheka mpaka akashika ukuta, akaniomba nirudie mbele ya darasa. Nikarudia. Darasa zima likapiga meza. Nilisimama pale mbele, jasho linanitoka, namwaga siri yangu ya kutisha kuliko zote, na watu wananipigia makofi. Mtangazaji akasema, "Wanashangilia. Hakuna atakayekuja."

Aliyeona alikuwa Babu.

Siku hiyo nilimpelekea ubwali, yaani ugali, na mbasa. Akafunua sahani, akamgeuza yule samaki huku na huku kwa kidole, kisha akaniambia nikae. Akasema kwa muda mrefu sasa samaki wake wanafika na mikia. Nikamwambia nimeokoka. Hakucheka. Akaniuliza nani ninayeongea naye nyuma ya migomba kila asubuhi, maana ananisikia nikijibu lakini hamsikii anayeuliza. Nikasema nafanya mazoezi ya kutangaza. Akanitazama sana, macho yale yaliyokuwa yanajifanya hayaoni.

"Wewe mtoto unaumwa," akasema. "Nenda kamwambie mama yako. Mwambie ugonjwa uko kichwani, asimngoje baba yako, akupeleke hospitali."

Nikaenda. Wallahi niliubeba ujumbe wote, sikupunguza neno. Lakini ujumbe wa Babu ungefikaje bila sauti ya Babu? Nilijikuta kwenye mlango wa jiko nimeteremsha kidevu, nakohoa, na maneno yanatoka: wewe mtoto unaumwa, ugonjwa uko kichwani, akupeleke hospitali. Mama aliacha mwiko kwenye sufuria, akainama kwa kucheka.

"Na huyo babu yako amesomea udaktari lini?" akasema. "Ondoka hapa, nyani wewe."

"Ujumbe umefika, ndugu msikilizaji," mtangazaji akasema. "Aliyetumiwa hayupo."

Babu aliponiuliza mama amejibu nini, nikasema amecheka. Hakuniuliza tena, wala hakumtuma mtu mwingine. Jambo la kichwa cha mtoto hulitumi kwa jirani, likazunguka kijiji kabla ya jioni. Alimpigia Baba simu Chunya. Nilimsikia Baba kwenye spika, akasema ni bangi hiyo, vijana wa siku hizi wote ni bangi, na akirudi atanyoosha mtu. Babu akakata simu, akakaa barazani akitazama ile migomba iliyomtenga na jiko la Mama. Majani tu, hata mbuzi anapita.

Masika yakawa masika kweli. Mto ukapanda ukaingia mashambani, shule ikafungwa, mpunga ukabaki ncha tu juu ya maji. Mchana mmoja mtangazaji alikuwa anasema bila kupumua, na hakuwa anatangaza tena, alikuwa anaamuru. Nikapata wazo ambalo lilionekana zuri sana: redio haifanyi kazi majini. Nikiingia kwenye maji ya kutosha, matangazo yatakatika. Nilipita mbele ya baraza la Babu bila hata kumsalimia ugonile. Aliniita. Sikugeuka. Nikaingia shambani, maji yakafika magotini, nikaendelea kuelekea mtoni, yakafika kiunoni.

Yaliyotokea jikoni nilisimuliwa na Tupokigwe, mdogo wangu, aliyekuwa anachambua mchele pale. Babu alikuja mbio kwa mguu wake mbaya. Alikohoa uani kama kawaida, na Mama kama kawaida akanyanyuka kutokea mlango wa nyuma. Ila Babu hakungoja. Aliingia jikoni. Tupokigwe anasema alidhani nyumba itaanguka. Mama akajifunika kitenge, akageukia ukuta.

"Mkamwana, usinikimbie," Babu akasema. "Nilikutumia neno ukacheka. Lile neno lilikuwa langu. Geuka unitazame."

Mama akageuka.

Mimi kule majini nilisikia jina langu, nikaangalia nyuma, nikawaona. Mama na Babu, bega kwa bega, Mama amemshika Babu mkono asianguke. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwaona hao wawili kwenye picha moja. Mtu mzima wa akili angesema, kumbe wananipenda hivi. Mimi nilisema, basi, nimewakamata. Hao si wenyewe. Mama wa kweli angekuwa kwenye migomba amegeuka mgongo. Waliotengeneza hawa wamekosea sehemu ndogo, na nimeiona. "Si wenyewe," mtangazaji akakubali. "Gwamaka anarudi nyuma. Anarudi nyuma zaidi." Na nyuma yangu ulikuwa mto.

Maji yakamwingia Babu mdomoni, akakohoa.

Nimekiigiza kikohozi kile tangu sijaota meno ya pili. Kinaanza chini, kinaburuta, halafu mwishoni kuna kikwaruzo kidogo kama mtu anayetaka kuongeza neno akaghairi. Hicho kikwaruzo sijawahi kukipata hata siku moja. Hakuna anayeweza kukipata. Nikasimama. Mtangazaji aliendelea kusema, lakini mimi nilikuwa nasikiliza kikohozi, nikawaza: kama huyu ni Babu, basi na yule aliyemshika ni Mama. Mama akafika, akashika shati langu kwa ngumi mbili. Hakuliachia mpaka hospitali, Kyela mjini, hata tulipokuwa juu ya bodaboda.

Kutoka pale tulipelekwa hospitali ya Mbeya. Sehemu ya kusubiria ina benchi refu linalong'aa kwa makalio ya watu. Unakaa, unasogea, unakaa, unasogea, kama kakao kwenye mkeka. Niliogopa kila mtu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene aliyemleta binti yake, na alipotoa chakula alinipa ndizi, nzima, hajaimenya. Binti yake alikuwa anakula vyake vya kumenya pia. Yule mama hakuniuliza kitu. Alikuwa anajua. Ndaga fijo, asante sana, popote alipo.

Daktari alikuwa dada mwembamba mwenye mafua. Nikamfanyia onyesho lote: mtangazaji, chenga, makofi. Nilikuwa nasubiri acheke ili nirudi nyumbani. Alipangusa pua, akaniuliza, "Sasa hivi anasemaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimsikiliza mtangazaji, kisha nikajibu, "Anasema nisikujibu." Halafu nikalia, sauti yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeisahau inavyolia.

Vidonge sitakudanganya. Mwezi wa kwanza nililala kama gunia. Mate yakawa yananitoka, mto wa kulalia unaamka umelowa kama wa mtoto mchanga. Mikono ikatetemeka, miguu ikakataa kutulia, nikawa natembea nikiwa nimekaa. Kisha njaa ikarudi na ndugu zake wote. Ile suruali ambayo Mama aliipunguza, akaifumua, halafu ikashindikana kabisa kufunga kifungo. Ambokile aliniletea ya kaka yake, na hakusema neno, yeye ambaye hawezi kumwona mtu mnene akanyamaza. Dawa ikabadilishwa, mate yakakauka. Siku hizi ni sindano kila mwezi na kidonge kimoja jioni. Mpunga ulipovunwa, mtangazaji alikuwa amesogea mbali, kama redio ya jirani wa pili. Unasikia inaongea, husikii inasema nini.

Baba alirudi kutoka Chunya na lile neno lake la bangi mdomoni. Alinisindikiza kliniki mara moja, akakaa kwenye lile benchi, akasogea, akakaa, akawatazama watoto wa wenzake. Tukiwa njiani kurudi alinibebea begi langu, ambalo halikuwa na kitu ndani. Neno bangi sijalisikia tena. Shangazi ndiye bado anasema kuna mtu kijijini ametutupia jicho. Mama anamwitikia ndiyo, ndiyo, huku anahesabia tarehe ya sindano kwenye vidole.

Kuhusu Babu na Mama kuonana, ilibidi wazee waitwe. Babu akatoa kuku, wakala, wakasema yameisha. Kesho yake Babu alikohoa njiani na Mama akaingia kwenye migomba, akampa mgongo. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Dunia imerudi mahali pake. Mimi nabeba chakula na maneno kama zamani, mkia naula njiani, na sauti naiweka. Ila Mama hacheki upesi. Kwanza ananiuliza, "Hilo ni lake au ni lako?"

Watu wananiuliza dalili. Wanataka niwaambie mtu anaanza kuokota makopo lini. Hayo yakifika umechelewa. Mimi nakwambia angalia kilichokoma. Mlafi asiyekula, mwimbaji wa kwaya aliyenyamaza, mwizi wa mikia aliyeacha wizi. Sisi tulikuwa tunafurahia vikikoma. Na ukishaona, usimtume mtoto, nenda wewe mwenyewe useme kwa mdomo wako, hata kama kwenu hamuonani.

Kuna moja imebaki, nayo si ya kuchekesha.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, niliacha kidonge. Darasani kulikuwa na watoto wapya wanaoniita Dozi, na nilijiona nimepona. Usingizi ukaanza kupungua. Sikumwambia mtu. Kila nilipojaribu, mdomo wangu ulitoa kichekesho badala yake, na Mama alikuwa amechoka, amefurahi kuniona nachekesha. Siku ya mbasa nikapewa sahani ya Babu. Kwenye migomba, kwa mbali, kwa sauti ya upole kabisa, mtangazaji akasema, "Gwamaka anafika kwenye mkia. Aule. Mzee asijue."

Nilifunua sahani. Nikaushika mkia. Ulikuwa umekaangwa vizuri, unavunjika wenyewe. Nilisimama pale mpaka mafuta yakapoa vidoleni, kisha nikaurudisha, nikaulaza sawasawa mahali pake, nikafunika.

Babu alifunua. Akamtazama samaki kutoka kichwani mpaka mkiani. Akafunika sahani, akaiweka kando, akatazama ng'ambo ya migomba, akainama chini ya kiti chake kutafuta viatu.